Ndoo mbele ya mlango: namna shule za Goma zilijifunza kulinda watoto

Ukipita asubuhi mbele ya shule ya msingi hapa Goma, ao huko Munigi na Sake, kitu cha kwanza utaona, kabla hata ya bendera, ni ndoo. Iko juu ya kiti cha mbao ao juu ya mawe mawili, na robine chini. Kando yake kuko kipande cha sabuni, siku zingine ni jivu, siku zingine hakuna kitu na watoto wanapita tu. Mtoto wa mwaka wa kwanza akiulizwa ndoo ile ilitoka wapi, atajibu kwamba iko pale tangu zamani.

Haiko tangu zamani. Mimi nilipoanza shule ya msingi, miaka ya mwisho ya Zaire, hakukuwa ndoo. Tulikuwa tunakunywa maji nyumbani mbele ya kutoka, na ukisikia kiu saa nne unangoja mpaka saa sita. Ndoo ilikuja baadaye, ikaondoka, ikarudi, ikaibiwa, ikarudi tena. Kila mara iliporudi, ni kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kufa.

Ndugu wasomaji na wasikilizaji, siku hizi wazazi wengi wanatuuliza swali moja, wale ambao wangali kwa jamaa zao hapa mjini na wale ambao wamerudi vijijini Rutshuru na Masisi: mtoto akigonjwa shuleni, ao akipotea siku ya fujo, nani anaulizwa? Swali hilo si la leo. Nimejaribu kulifuata nyuma, na historia yake ni ndefu kuliko nilivyofikiri.

Tuanze na nyumba yenyewe ni ya nani. Shule nyingi za hapa zilijengwa na misioni, za Wakatoliki na za Waprotestanti, wakati wa Wabelgiji. Mwaka wa 1974 Mobutu alizichukua zote kuwa za serikali. Miaka mitatu haikupita vizuri, na mwaka wa 1977 serikali ikafanya mapatano na makanisa na kuwarudishia uongozi. Tangu hapo tuko na zile tunaita shule za mapatano: ukuta na kiwanja ni vya kanisa, mwalimu ni wa serikali, na programu ya mafundisho inatoka Kinshasa. Choo ni cha nani? Hakuna karatasi nimepata kuona inayosema wazi. Munaweza kucheka, lakini ulizeni direkta yeyote nani alijenga choo chake na nani anakilipa kikijaa.

Mambo yalizidi kuharibika mwanzo wa miaka ya 1990. Mshahara wa mwalimu ulikuwa hauwezi tena kununua hata mfuko wa unga, walimu wakagoma, na wazazi ndio wakaamua kulipa walimu wenyewe ili watoto wasipoteze mwaka. Ile pesa ya kuwatia walimu moyo, ambayo wengi wetu tulifukuziwa nyumbani kwa kukosa kuilipa, ilianza hapo. Ilisemwa ni ya muda mfupi. Iliendelea zaidi ya miaka 25. Na kwa muda huo wote mzazi ndiye alikuwa serikali ya shule: chaki, dirisha, mlinzi, mfuniko wa choo, vyote vilitoka mfukoni mwake. Penye wazazi maskini, hakukuwa choo.

Ni katika hali hiyo mwezi wa saba wa 1994 ulitukuta.

Wenye umri wangu wanakumbuka namna barabara ya kutoka mpakani ilijaa watu mpaka hakukuwa nafasi ya kuweka mguu. Kwa siku chache tu, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka kuingia Goma. Walilala barabarani, kwenye makanisa, na kwenye viwanja vya shule. Watu walichota maji ziwani, palepale wengine walipojisaidia. Kolera ilianza haraka sana, kisha kuhara damu. Watafiti waliochunguza baadaye walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza peke yake. Mauti yalikuwa mengi kiasi kwamba magari yalikuwa yanapita kuokota maiti kandokando ya njia. Hata kuzika kulikuwa shida, sababu chini ya udongo mdogo wa Goma kuko mwamba wa volkeno, na jembe haliingii.

Mwamba huo ndio chanzo cha nusu ya shida zetu, nataka tukae juu yake kidogo. Mji wetu umekaa juu ya moto uliopoa. Katika Bukavu ao Butembo ukitaka choo unachimba shimo. Hapa unavunja jiwe kwa nyundo, kwa wiki nzima, na ukifika mita moja na nusu unachoka ao pesa inaisha. Kwa hiyo choo cha Goma kinajaa mbio. Shule nyingi zilifanya kinyume: wakajenga shimo juu ya ardhi, kwa matofali, na mtoto anapanda ngazi kwenda kujisaidia. Vile vyoo vya ngazi munaviona mpaka leo. Shida ni kwamba kikijaa lazima kitolewe, na kukitoa kunaomba pesa, na shule haina pesa hiyo. Direkta anafanya nini? Anafunga mlango kwa kufuli na kuandika kwa chaki kwamba milango miwili iliyobaki ni ya wote. Wasichana wakubwa ndio wanaumia wa kwanza. Mlango usiofungwa kwa ndani, hakuna maji, na wavulana wako wanasimama nje: msichana akiwa katika siku zake anabaki nyumbani. Siku tatu kila mwezi, mpaka mwisho wa mwaka. Hakuna mtu anayeandika kwenye daftari kwamba alikosa mtihani kwa sababu ya choo.

Na maji? Goma inakaa kwenye ziwa kubwa, lakini kwenye kartie za juu bido moja ya lita 20 inabebwa mgongoni ao kwa tshukudu na inanunuliwa. Tangu kolera ikae hapa kama mwenyeji, kuko wajitoleaji wanaosimama kando ya ziwa na sindano, wanatia kloro kidogo katika kila bido inayotoka majini. Kazi hiyo ndogo imeokoa watu wengi kuliko hotuba nyingi nilizorekodi. Vyanzo vingine vya upande wa volkeno viko na fluori nyingi. Ndiyo maana utaona watoto wa vijiji fulani wenye meno ya rangi ya kahawia ambao hawajawahi kula pipi.

Sasa nifike kwenye siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa ndani.

Alhamisi, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Nyiragongo ilikuwa imekwisha kutupiga mara moja katika kumbukumbu ya wazee, tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, ziwa la moto lililo juu ya mlima lilipomwagika lote kwa muda usiofika saa nzima na kuchukua vijiji vya chini. Sisi watoto tulijua hadithi hiyo kama hadithi. Asubuhi ile tulikwenda shuleni kama kawaida. Mlima ulikuwa unafuka moshi mweusi kuliko siku zingine na ardhi ilikuwa inatikisika, lakini ilikuwa imetikisika siku nyingi. Nyufa zilifunguka upande wa kusini wa mlima, zikashuka kuelekea mji.

Shule yetu, ambayo sitaitaja, ilikuwa na geti la chuma. Wazazi walipoanza kufika kuchukua watoto wao, mkubwa wa shule aliamuru geti lifungwe. Alisema hajapata barua. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Mji ulikuwa chini ya uasi, hakukuwa wazi nani anatoa amri, na yeye alifundishwa kwamba mwanafunzi hatoki kabla ya kengele bila ruhusa ya wakubwa. Kwa karibu saa nzima wazazi walikuwa nje wanapiga geti na sisi tulikuwa ndani tunaangalia moshi. Mwishowe walimu wawili walikwenda wenyewe kufungua. Tukatoka mbio, kila mmoja njia yake. Hakuna aliyetuhesabu.

Jioni ile moto uliingia mjini, ukapita Virunga na Birere, ukaukata mji vipande viwili, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaangusha kanisa kuu la Wakatoliki, na kuingia ziwani. Karibu sehemu 13 katika 100 za mji ziliungua. Watu walivuka Gisenyi kwa maelfu. Mdogo wangu alikuwa anasoma zamu ya mchana kwenye shule nyingine. Tulimpata siku ya tatu, Gisenyi, kwa mama mmoja asiyemjua ambaye alimuona analia na kumshika mkono. Mama huyo hatukujua jina lake mpaka leo. Mdogo wangu hakuwa na karatasi yoyote, hakujua namba ya mtu, alijua tu jina la baba na kartie. Watu waliporudi, siku ya Jumatatu, kituo cha mafuta kililipuka wakati watu walikuwa wanachota, na wengi zaidi wakafa hapo.

Baada ya siku zile mji ulijifunza mambo mawili matatu ya kweli. Wataalamu wa kituo cha kuchunguza volkeno, ile tunaita OVG, ambacho kilikuwa kimefanya kazi katikati ya vita na vyombo vichache, walianza kusikilizwa. Vibao vya rangi viliwekwa mjini: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Wakapita katika shule na michoro kufundisha watoto maana ya kila rangi na njia ya kukimbilia. Nimeona mtoto wa miaka minane anamweleza nyanya yake kwamba njano si kukimbia, njano ni kusikiliza redio. Lakini mafundisho hayo yalitegemea pesa za miradi, na mradi ukiisha michoro inabaki kwenye kabati ya direkta mpaka panya waile.

Tuje mwaka wa 2018. Tarehe mosi mwezi wa nane, serikali ilitangaza Ebola katika Kivu Kaskazini, upande wa Mangina karibu na Beni. Hii ndiyo iliyoleta ndoo mbele ya kila mlango. Maji yenye kloro kidogo, sehemu 0.05 katika 100, na kile kipima joto cha kuelekeza kwenye paji la uso kama bastola, ambacho watoto wadogo walikiogopa sana siku za kwanza. Zaidi ya robo ya wagonjwa wa Ebola ile walikuwa watoto. Tarehe 14 mwezi wa saba 2019 mgonjwa wa kwanza alionekana hapa Goma, mtu wa Mungu aliyetoka Butembo kwa basi, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya hatari kwa dunia nzima.

Nilifanya kazi katika vipindi vya redio wakati ule na ninajua namna watu walikataa. Walisema ni biashara. Na si bure walisema hivyo: watu wa Beni na Butembo walikuwa wamezuiwa kupiga kura mwisho wa 2018 kwa sababu ya ugonjwa, lakini masoko na makanisa yalikuwa wazi. Mtu aliyechinjiwa jamaa miaka minne bila gari hata moja kuja, anaona leo magari mia yanakuja kwa ajili ya homa, atauliza maswali. Walimu walikuwa katikati. Mzazi akiona ndoo ya shirika mlangoni, wengine walimrudisha mtoto nyumbani. Kilichosaidia, kwa maoni yangu, ni pale shule ilipoacha kuwa na watu wa jezi mlangoni, na kuweka mama wa kartie, anayejulikana, asimame kando ya ndoo. Mtoto ananawa kwa mama wa jirani bila woga.

Ebola ile iliisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na waliokufa 2,287. Kuna jambo moja tusisahau. Miezi ileile, surua ilikuwa inaua watoto katika nchi nzima, na kufika mwanzo wa 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000, wengi watoto wasiofika miaka mitano. Surua haikuwa na ndoo, haikuwa na magari, na chanjo yake inajulikana tangu zamani. Wadogo za wanafunzi wetu walikufa na surua huku kaka zao wakipimwa joto mlangoni kwa ajili ya Ebola.

Katikati ya hayo, mwezi wa tisa 2019, elimu ya msingi ya bure ilianza kutekelezwa. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imeiahidi miaka 13 mbele. Nilifurahi, na ningali ninafurahi: niliona watoto wa jirani, ambao walikuwa wanauza ndizi saa mbili asubuhi, wamevaa buluu na nyeupe. Lakini kwa upande wa afya ya shule, angalieni kilichotokea. Darasa la watoto 50 likawa la 100 na zaidi. Mabenchi yaleyale, vyoo vilevile. Na kamati ya wazazi, ile COPA, ambayo ndiyo ilikuwa inakusanya franka kidogo kwa mlinzi na sabuni, ilikatazwa kukusanya. Pesa ya uendeshaji ilipaswa kutoka serikalini. Ilipokawia ao haikufika, sabuni ndiyo ilikuwa ya kwanza kukosa. Kwa hiyo shule ilipata watoto mara mbili na sabuni nusu, katika mwaka wa Ebola. Sisemi gratwite ilikuwa kosa. Ninasema hakuna aliyehesabu sabuni.

Kisha korona. Mwezi wa tatu 2020 shule zote za nchi zilifungwa. Wanafunzi wa mitihani ya mwisho walirudi mwezi wa nane, wengine mwezi wa kumi. Zikafungwa tena tarehe 18 mwezi wa 12, zikafunguliwa tarehe 22 mwezi wa pili 2021. Hapa kwetu korona haikuua kama tulivyoogopa, lakini kufungwa kwa shule kulituumiza. Wasichana waliopata mimba miezi ile hawakurudi, na wavulana wengine walikwenda kwenye machimbo ya Masisi.

Shule zilikuwa zimefunguliwa miezi mitatu kamili wakati Nyiragongo ilipasuka tena, tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Ilikuwa Jumamosi jioni. Watoto walikuwa nyumbani, na nimefikiri mara nyingi ingekuwa je kama ingekuwa Jumatatu saa tatu asubuhi, na darasa la watoto 100 lenye mlango mmoja. Moto ulisimama Buhene, kilometa moja na kidogo kabla ya uwanja wa ndege. Hata hivyo, watu zaidi ya 30 walikufa, na siku iliyofuata shirika la Umoja wa Mataifa la watoto lilisema watoto zaidi ya 150 wametengana na jamaa zao na zaidi ya 170 hawajulikani walipo. Tarehe 27, wakati mitetemeko ilikuwa inapasua nyumba, gavana wa kijeshi aliamuru kartie kumi za mji ziondoke. Mamia ya maelfu walikwenda Sake, Rutshuru, Rwanda, na wengine kwa mashua mpaka Bukavu. Kwa wengi wetu ilikuwa mara ya pili. Safari hii mama yangu aliandika majina yetu na namba za simu kwa kalamu juu ya mikono ya wajukuu wake kabla ya kutoka nyumbani. Hakufundishwa na shirika lolote. Alikumbuka 2002.

Kule Sake, watu walilala wapi? Katika makanisa na katika shule. Na hapa ninafika kwenye jambo gumu kusema, sababu wengi wanaonisikiliza walilala humo.

Katika historia yetu shule ndiyo nyumba ya kwanza ya mhami. Iko na paa, iko na kiwanja, haina mwenyewe anayeweza kukataa usiku. Vita vilipozidi Rutshuru mwezi wa kumi 2022, watu walishuka mpaka Kibati na Kanyaruchinya na kuingia madarasani. Mama mwenye watoto watano na mvua inanyesha hafikirii ratiba ya hesabu, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Lakini benchi lililokuwa la watoto watano likawa kuni. Choo cha watu 400 kikapokea elfu kadhaa. Mwezi wa 12 kolera ikarudi katika kambi ya Kanyaruchinya. Na watoto wa kijiji, pamoja na watoto wa wahami wenyewe, wakakosa darasa. Nimesikia wenyeji wakisema wahami waliharibu shule. Ukweli ni kwamba shule ilifanya kazi ya serikali bila kulipwa, na baada ya hapo hakuna aliyeirudishia mabenchi.

Nchi yetu ilikubali, mwaka wa 2016, lile Azimio la Shule Salama lililofunguliwa Oslo mwaka mmoja mbele, ambalo linaomba majeshi yasitumie shule kama kambi. Wahami hawako majeshi, na azimio haliwagusi. Linawagusa wenye bunduki wa kila upande, na kila mkaaji wa Masisi anaweza kuonyesha shule ambayo walilala humo.

Wahami waliopelekwa magharibi ya mji, Bulengo na Lushagala, walikuta hatari nyingine ambayo watu wa mbali hawaijui: mazuku. Neno ni letu, na wataalamu wa dunia nzima wanalitumia hivyohivyo. Ni hewa nzito inayotoka chini ya ardhi ya volkeno na kukaa katika mabonde madogo na mashimo. Haionekani. Inakuwa na nguvu usiku na alfajiri, pepo zikiwa zimetulia, na jua likiwaka inatawanyika. Kwa sababu inakaa chini, mtu mzima anaweza kupita salama penye mtoto anaanguka. Wenyeji wa kule wanawafundisha watoto kutoshuka shimoni kufuata mpira ao mbuzi, na ukiona ndege ao panya amekufa ndani ya bonde bila kidonda, unarudi nyuma. Mhami aliyetoka Jomba hakulelewa na elimu hiyo. Mwalimu mmoja wa upande ule aliniambia kwamba somo lake la kwanza kila mwezi wa tisa si kusoma wala kuandika, ni kutembea na darasa zima kuzunguka shule na kuwaonyesha penye hawapaswi kukanyaga.

Mwezi wa sita 2024 mpox ilionekana katika kambi za Goma. Aina mpya ilikuwa imetambuliwa Kamituga, Kivu Kusini, mwaka uliotangulia. Tarehe 14 mwezi wa nane dunia ikatangaza hatari, na wiki chache baadaye mwaka wa shule ukaanza. Ndoo zikarudi mlangoni. Katika shule mbili nilizopita wiki ile, zilikuwa ndoo zilezile za Ebola, alama ya shirika imefutika nusu, robine moja imefungwa na mpira wa baiskeli. Kwa mara ya kwanza niliona walimu hawangoji semina: walikuwa wanaangalia mikono na shingo za watoto kwenye mwangaza, na aliye na vipele anapelekwa pembeni kwa heshima, bila kupigiwa kelele mbele ya wenzake. Mambo hayo walijifunza 2019.

Halafu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mapigano ndani ya mji wenyewe. Shule zilifungwa, na kambi za pembeni zikaondolewa mwezi uliofuata. Zilipofunguliwa, somo la kwanza katika shule nyingi lilikuwa vyuma: ukiona kitu kinachofanana na risasi kubwa, chupa ao mpira wa chuma, usikiguse, usikirushie jiwe, rudi njia uliyojia, mwambie mkubwa. Watoto wa Sake na Mugunga wanajua somo hilo kwa moyo. Wanaliimba.

Wiki iliyopita nilitembelea direkta mmoja wa kartie za juu. Aliniomba nisiseme shule. Ofisi yake haina mlango tangu vita. Amefunga na shuka. Nilimuuliza juu ya ndoo, akaniambia ziko tatu, sabuni inatoka kwa mama mmoja wa kamati anayeitengeneza nyumbani na kuitoa kama ada ya watoto wake. Kisha akafungua kabati, akatoa daftari kubwa lenye jalada la plastiki.

Ndani kuko jina la kila mtoto, jina la mzazi, namba za simu mbili, na safu ya nne ambayo sijawahi kuiona kwenye rejista ya serikali. Juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Wakikimbia, wanakimbilia wapi?" Kwa mtoto mmoja kumeandikwa Sake kwa shangazi. Kwa mwingine, Gisenyi. Kwa wengi, hasa wahami, kumeandikwa jina la kambi ambayo haiko tena, limekatwa mstari, na mbele yake nafasi nyeupe. Alikuwa anaijaza moja moja, anaita watoto ofisini kwa zamu. Nilipotoka, msichana wa mwaka wa tatu alikuwa amesimama mbele ya meza anafikiri, na direkta alikuwa anamngoja na kalamu mkononi.